MBIO ZA KESHO MSIZIMALIZE LEO

(Maneno aliyosema mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya vijana wa riadha, siku ya mkutano wetu, Mkuza)



Katibu aliponitaka nizungumze na wakimbiaji, nilicheka. Mguu wangu huu wa kushoto ungekuwa na mdomo, ungekataa. Lakini ndio ulionipa jambo la kusema.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilianza kusikia maumivu kwenye muundi. Yalikuwa madogo, nikikimbia dakika kumi yanapotea. Mashindano yalikuwa majuma matatu mbele. Niliogopa kuachwa, nikanyamaza. Juma la pili yalianza kuniamsha usiku. Mwalimu aliniuliza kwa nini nachechemea, nikamwambia nimejikwaa. Siku ya mita 1500 mzunguko wa tatu sikuumaliza. Mfupa ulikuwa na ufa mwembamba. Ningesema mapema, ningepumzika majuma machache tu. Sikusema, nikapoteza miaka miwili, na kasi yangu haikurudi tena. Wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni hili: semeni. Uchovu wa mazoezi huenea mguu mzima, nao huisha baada ya siku mbili tatu. Lakini maumivu ya mahali pamoja, unapoweza kupagusa kwa kidole, na yanayozidi siku hadi siku, hayo si uchovu. Mwambie mwalimu siku hiyo hiyo, umwone daktari. Kunyamaza si ushujaa.

La pili, miili yenu bado inajengwa. Mifupa hurefuka kwanza, misuli na kano hufuata nyuma. Ndiyo maana kijana aliyerefuka ghafula mara nyingi huumwa chini ya goti. Wakati huo punguzeni mazoezi. Mkirudi kuyaongeza, ongezeni haba na haba. Mbio nyingi za juma ziwe za mwendo unaokuwezesha kuzungumza na mwenzio, na angalau siku moja iwe ya kupumzika kabisa. Njia zetu za udongo zina huruma kwa miguu kuliko lami ya Barabara ya Morogoro, na tena hazina mabasi. Kimbieni alfajiri kabla jua la Pwani halijapanda, na mnywe maji. Chezeni pia mpira, rukeni, msiwe watu wa mbio za aina moja tu.

La tatu, chakula na usingizi ni sehemu ya mazoezi. Uji asubuhi, maharage, dagaa, mchicha na matunda vinatosha kumjenga mkimbiaji. Usingizi wenu uwe wa saa nane au tisa. Atakayewaletea vidonge vya kuongeza nguvu, mkimbieni kwa kasi yenu yote.

Najua mtaniuliza: "Mzee, mbona Bayi hakungoja?" Filbert Bayi, ambaye shule yenye jina lake iko hapa hapa Mkuza, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Alikuwa na miaka 20. Ni kweli. Lakini msiishie hapo. Mwaka 1980 mjini Moscow alipata medali ya fedha ya Olimpiki katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, akiwa na miaka 27. Mwili wake ulikuwa bado unamtumikia.

Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 akiwa na miaka 32. Na Alphonce Simbu? Rio mwaka 2016 alikuwa wa tano. London mwaka 2017 akapata shaba ya dunia. Dhahabu ya dunia aliipata Tokyo mwaka 2025, akiwa na miaka 33, akimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu tu kati ya mia za sekunde. Hesabuni wenyewe: kutoka shaba hadi dhahabu ni miaka minane. Mtu aliyeumaliza mwili wake shuleni hawezi kuingoja miaka hiyo.

Wahenga waliposema mwenda pole hajikwai, hawakuwa wanamcheka mkimbiaji. Walikuwa wanamfundisha.

Ndugu walimu, nanyi nawaomba: kijana akisema anaumwa, msimwite mvivu. Aliyesema leo ndiye mtakayekuwa naye mwakani.

Vijana wangu, tukijaliwa kukutana hapa tena, sitauliza nani alikuwa wa kwanza mwaka huu. Nitauliza nani bado anakimbia.