NENO "STRAIKI" LILITOKA BAHARINI
(Mazungumzo yaliyosomwa mkutanoni, Gachoka)



Sisi wa Gachoka tumezaliwa mbali na bahari. Maji makubwa tuyajuayo ni ya Mto Tana. Lakini straiki, neno tulitajalo sana katika chama, ni neno la mabaharia, na yafaa tujue asili yake.

Shuleni tulifundishwa kwamba neno hilo la Kiingereza, strike, maana yake ni kupiga. Kwa hiyo wako wanaodhani kwamba kugoma ni kupiga watu mawe na kuvunja mali. Sivyo. Katika lugha ya mabaharia Waingereza neno hilohilo lina maana ya kushusha, kama watu wa pwani wasemavyo kutua tanga.

Katika mwaka 1768 mabaharia wa London walidai nyongeza ya mishahara. Ili wasikilizwe, walitua matanga ya meli katika Mto Thames. Meli za siku hizo zilikwenda kwa upepo. Bila tanga meli haiendi, hata ikiwa imejaa shehena. Ndipo kuacha kazi kwa pamoja kukaitwa kwa neno hilo.

Angalieni, ndugu: hawakutoboa meli. Tanga lililotuliwa laweza kutwekwa tena mapatano yakipatikana, lakini meli iliyozama haimpi mtu mshahara.

Wenzetu wa Mombasa nao walitua tanga. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandarini, wa reli na wa kazi nyingine, waliacha kazi pamoja. Baadaye serikali iliweka baraza la kuamua habari ya mishahara. Lakini kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka uleule akahamishiwa Baringo.

Leo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yasema kila mfanyakazi ana haki ya kugoma. Nayo sheria ya mwaka 2007 yataka notisi ya siku 7 kwa maandishi. Tusione uzito kuiandika. Baharia hutazama upepo kabla ya kugusa kamba.

Basi siku ya mgomo mtu akija na jiwe mkononi, mwambieni aliweke chini, ashike kamba pamoja nasi.