Kifundo cha Mkono Kikiuma, Yoga Si Lazima Ikome

Mazungumzo ya elimu ya afya kwa wakazi



Yoga ilianzia India, na tangu mwaka 2015 ulimwengu huadhimisha siku yake kila tarehe 21 Juni. Humu nchini, vijana kwa wazee wanaifanya kunyoosha viungo na kutuliza mawazo. Hata hivyo, wengi huiacha mapema kwa sababu moja: kifundo cha mkono kinauma.

Chanzo si kigumu kuelewa. Kifundo kina mifupa midogo minane iliyojipanga katika safu mbili. Mtu anapoegemea viganja sakafuni, kifundo hukunjwa karibu nyuzi 90 huku kikibeba uzani wa mwili. Tena mkono huo huo huenda umeshinda ukifua nguo, ukikanda unga wa chapati, ukilima au ukishika usukani wa bodaboda. Mkono ndio riziki ya wengi, kwa hivyo haufai kulazimishwa.

Kwanza, mzigo upunguzwe. Vidole vitandazwe, na uzani usambae hadi kwenye mashina ya vidole badala ya kukaa wote karibu na kifundo. Taulo iliyokunjwa ikiwekwa chini ya sehemu ya kiganja iliyo karibu na kifundo, mkunjo hupungua.

Pili, kifundo kikae kimenyooka. Badala ya kiganja, mtu anaweza kuegemea ngumi juu ya mkeka laini, au kulaza mikono sakafuni kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Hapo mzigo hubebwa na mabega na viwiko.

Tatu, ukuta na kiti vitumike. Anayesukuma ukuta akiwa amesimama hubeba uzani mdogo kuliko aliye sakafuni, na kadiri anavyousogelea ukuta ndivyo mzigo unavyopungua.

Nne, mikono ipumzishwe kabisa inapobidi. Kusimama kwa mguu mmoja kama mti, kupiga hatua ndefu na kukunja goti la mbele, kulala chali na kuinua kiuno, na kuvuta pumzi polepole, yote ni yoga kamili.

Misuli kuchoka ni kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo, au maumivu yanayozidi siku inayofuata, si kawaida. Anayeyapata asimamishe zoezi hilo na kumweleza mwalimu kabla ya darasa lijalo.

Yapo pia maumivu ambayo hakuna zoezi litakaloyatibu. Aliyeanguka na kujikinga kwa kiganja, kisha akahisi uchungu kwenye kishimo kilicho chini ya kidole gumba, huenda amevunjika mfupa mdogo ambao damu huufikia kwa shida. Picha ya eksirei ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe ufa huo, ndiyo maana daktari huweza kufunga mkono na kumwita mgonjwa arudi baada ya siku 10 hadi 14. Arudi hata kama uchungu umepungua. Kukanda mkono huo nyumbani kunaweza kuuzidishia madhara, na mfupa usipounga mtu hubaki na maumivu kwa miaka.

Ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, huashiria kwamba neva inayopita kifundoni imebanwa. Wajawazito na wenye kisukari huathirika zaidi. Dalili hiyo, pamoja na uvimbe, joto au mkono kukosa nguvu ya kushika kikombe, inahitaji uchunguzi katika kituo cha afya kilicho karibu. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye atakayeeleza lini mkono unaweza kurudishiwa uzani, na kwa kiasi gani.

Yoga haina mashindano. Anayetumia ukuta leo amefanya zoezi lake, na kesho mkono wake utakuwa tayari kwa kazi.