Aliyeitwa Mtumwa akawa Siti

Leo tuzungumze juu ya majina ya watoto, na hasa jina moja tu, ambalo mijini halisikiki mara kwa mara kama Amina, Neema au Zainabu. Jina lenyewe ni Siti.

Najua wapo watakaocheka. Konda wa daladala anapopiga kelele kwamba siti zipo, hana habari na mabibi waheshimiwa. Anawaita abiria waje kukaa. Mtoto wa kike anayeitwa Siti hawezi kumaliza darasa la kwanza bila kuulizwa na wenzake kama yeye ni siti ya dirishani au ya nyuma. Lakini maneno hayo mawili si ndugu. Siti ya basi tumeitoa kwa Waingereza juzi tu. Siti ya jina la mtu ilifika kwa majahazi, na umri wake ni mkubwa kuliko gari lolote.

Asili yake ni Kiarabu. Neno "sitt" humtaja mwanamke kwa heshima, na anayesema "sitti" anasema "bibi yangu". Wataalamu wa lugha hulihusisha na neno "sayyidati", lililofupishwa mdomoni kwa kutumiwa sana. Huyo sayyida tunamjua, kwa kuwa ndugu yake sayyid alikaa Unguja miaka mingi akiwa cheo cha watawala. Kule Palestina na Shamu, mtoto humwita nyanya yake "sitti". Mjini Cairo, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, binti wa ukoo wa Fatimiya aliitwa Sitt al-Mulk, yaani bibi wa ufalme, na baada ya ndugu yake Al-Hakim kutoweka mwaka 1021 ni yeye aliyeshika hatamu za nchi kwa niaba ya mpwa wake. Katika mji huo huo, katika karne ya 20, mwimbaji Umm Kulthum, aliyefariki mwaka 1975, alijulikana kwa watu wake kwa neno hilo hilo: Bibi. Hawakuhitaji kutaja jina lake.

Neno hilo lilisafiri pia kuelekea mashariki. Ukienda Malaysia au Indonesia utawakuta akina Siti Aisyah na Siti Aminah wasio na idadi. Huko heshima imegeuka kuwa sehemu ya jina, na mtoto huzaliwa akiwa tayari bibi. Mwimbaji mashuhuri wa Malaysia, Siti Nurhaliza, ni mmoja wao.

Basi na turudi kwetu, kwa sababu jina hili likitajwa pwani ya Afrika Mashariki linamwita mtu mmoja kabla ya wengine wote, naye ni Siti binti Saad. Habari yake ndiyo sababu ya mazungumzo ya leo.

Mwanamke huyo alizaliwa kijijini Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa watu maskini, wenye asili ya bara, baba Unyamwezini na mama Uzigua. Na jina walilompa halikuwa Siti. Walimwita Mtumwa.

Tulia kidogo, msikilizaji, ulifikirie jina hilo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hadi mwaka 1897. Maana yake ni kwamba binti huyu aliitwa Mtumwa katika miaka ambayo neno hilo lilikuwa bado ni hali ya watu waliomzunguka, wenye kulima mashamba ya wengine. Kila alipoitwa kula, kila alipotumwa kisimani, aliambiwa yeye ni nani katika dunia ile.

Lugha yetu nayo ina siri zake. Kutokana na kitenzi kimoja, kutuma, Kiswahili kimezaa maneno mawili: mtume na mtumwa. Wote wawili wametumwa. Mmoja tunapomtaja tunamwombea rehema na amani, na mwingine aliuzwa kwa mnada. Tofauti iko kwa aliyemtuma na kwa heshima aliyopewa njiani.

Mama yake Mtumwa alikuwa mfinyanzi. Binti akaichukua kazi ya kuvitembeza vyungu na kuvinadi, na watu wakaisikia sauti kabla ya kuviona vyungu. Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko wanamuziki wakaitambua sauti ile, wakamfundisha kuimba kwa mpango na kwa ala. Wakati huo taarabu ilikuwa imekaa zaidi majumbani mwa wakubwa, ikiimbwa kwa Kiarabu. Yeye akawa miongoni mwa walioitoa nje, akaiimba kwa Kiswahili, na mpishi na mchukuzi wakaielewa. Ni huko mjini alikopewa jina Siti. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi santuri, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Santuri hizo ziliuzwa pwani na bara.

Usidhani njia ilikuwa nyeupe. Walikuwepo waliomcheka hadharani kwa kuzaliwa shamba, kwa umaskini wake na kwa sura yake. Aliwajibu kwa kuimba. Tena hakuimba mapenzi peke yake. Aliimba juu ya mwanamke mgeni aliyeuawa mjini Unguja, muuaji akatoroka, na adhabu ikawaangukia waliokuwa mashahidi. Mtu aliyezaliwa akiitwa Mtumwa alisimama kuuliza haki imekwenda wapi. Alifariki mwaka 1950. Kabla ya hapo Shaaban Robert alikuwa ameonana naye, na baadaye akaandika wasifu wake, ili tusije tukamsahau. Katika miaka ya 1980 chama cha waandishi wa habari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilipotafuta jina la jarida lake, kililiita Sauti ya Siti.

Sasa, msikilizaji, tunajifunza nini kwa jina la mtoto wako?

La kwanza ni kwamba jina huandika hali ya nyumba juu ya mtu asiyeweza bado kusoma. Tunao hata leo akina Shida, Tabu, Mashaka, Majuto na Masumbuko. Mtoto amezaliwa wakati wa njaa, au baba amefariki, au ndugu wa mume wamemfukuza mama, na uchungu huo wote unabandikwa kwenye paji la uso la kichanga. Mama amesema lake, na pengine hakuwa na mahali pengine pa kulisemea. Lakini njaa itapita, ugomvi utaisha, na Shida atabaki kuwa Shida, akieleza kwa wageni habari za ugomvi ambao hakuwepo.

Siwalaumu wazee wetu. Mara nyingi jina baya lilitolewa kwa mapenzi. Kwa Wajaluo, kwa mfano, mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufa aliweza kuitwa Owiti, au Awiti akiwa wa kike, yaani aliyetupwa. Mzazi alijifanya hamtaki, ili kifo nacho kisimtake. Ukiijua maana hiyo, jina linalosikika kama dharau linageuka kuwa dua. Ndiyo maana nasema mwenye jina ana haki ya kuelezwa. Umempa mwanao jina zito? Basi mkalishe chini mapema, umpe na hadithi yake, kabla mtaa haujampa hadithi nyingine.

La pili ni kwamba jina hukua pamoja na mwenyewe. Mwangalie Fatuma binti Baraka, mwimbaji wa Unguja aliyefuata nyayo za Siti na kufariki mwaka 2013. Dunia haikumjua kwa jina la Fatuma. Ilimjua kwa jina la Bi Kidude, na kidude, kama tujuavyo sote, ni kitu kidogo tu, hata kisichokuwa na jina. Yeye alilibeba jina hilo jukwaani Ulaya na Asia, na leo ukisema Bi Kidude hakuna anayefikiria kitu kidogo.

Lakini tusijidanganye kwa mifano hii miwili. Kwa kila Mtumwa mmoja aliyeweza kuwa Siti, walikuwepo wengi waliozikwa na jina lile lile walilopewa, kwa kuwa hawakuwa na sauti ya kuwasikilizisha watu. Haifai mzazi ampe mtoto mzigo kwa kutumaini kwamba atakuwa hodari wa kuutua.

La tatu ni kinyume chake. Jina zuri nalo halifanyi kazi peke yake. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani, na kweli hung'ara, lakini kwa mafuta ya mwenyewe. Siti binti Saad hakuitwa Bibi kwanza ndipo akaheshimiwa. Alitembea na vyungu kichwani, akajifunza, akafanya kazi, na heshima ikamfuata. Anayempa bintiye jina Siti leo anampa matunda ya jasho la mwanamke mwingine. Ni urithi mwema, lakini umsimulie jinsi ulivyopatikana.

Liko jambo jingine dogo linalonipendeza kuliko yote. Aliacha kuitwa Mtumwa, lakini hakuacha kuitwa binti Saad. Mjini angeweza kujitafutia ukoo wa kujivunia, kama walivyofanya watu wengi wa zama zile. Yeye alibaki na jina la baba yake mkulima, na jina hilo likaandikwa kwenye santuri. Saad kwa Kiarabu ni bahati njema. Alivua aibu, na wazazi akabaki nao.

Kabla sijamaliza, nina nasaha chache kwa wazazi wanaosubiri mtoto, au waliompata wiki hii. Jina ulilolisikia kwenye tamthilia au uliloliona kwenye simu, uliza maana yake kwa mtu anayeijua lugha lilikotoka, kwa kuwa uzuri wa sauti si uzuri wa maana. Lita kwa sauti kubwa, kama mwalimu anavyoita majina asubuhi, usikie wenzake watalifanyia mchezo gani. Kisha mfikirie mwenye jina hilo akiwa na miaka 70, amekaa barazani na wajukuu. Likimfaa mwanafunzi na likamfaa bibi, umepata jina.

Ukishalichagua, liandikishe sawasawa. Siti, Sitti na Sity masikioni ni jina moja, lakini karani huyaona matatu. Cheti cha kuzaliwa kikisema hivi, cheti cha shule kikasema vile, na kitambulisho cha taifa kikaja na la tatu, kijana wako atatumia siku na fedha akila viapo kwa mawakili kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Herufi moja unayoiangalia leo dirishani kwa karani itamwokolea usumbufu wa miaka.

Na wewe unayeitwa Siti, ukiulizwa tena na konda au na mwenzako kazini kama wewe ni kiti, mwambie hapana. Mwambie jina lako lilikaa Cairo na enzi, likafika Unguja, likavikwa binti wa mfinyanzi aliyeitwa Mtumwa, naye akalivaa likamwenea.

Wasikilizaji, hadi wiki ijayo, kwaherini.