Albamu zilizo nje ya orodha

Redio zetu hurudia nyimbo zile zile mpaka msikilizaji akaamini kwamba muziki wetu umeishia hapo. Si kweli, na ushahidi upo. Mwaka 1990 Zein Musical Party walitoa "Mtindo wa Mombasa", taarabu ya udi isiyo na haraka, kila neno likipewa nafasi yake. Mwaka 1996 Hukwe na Charles Zawose wakatoa "Chibite", muziki wa Wagogo. Humo vidole gumba vinabonyeza vyuma vya ilimba, na nyuma ya kila mlio kuna mvumo mdogo kama wa nyuki, uliowekwa makusudi na fundi. Kisha, 2017, Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikakusanya singeli ya Dar es Salaam katika "Sounds of Sisso", mapigo yakipita 200 kwa dakika.

Wapo watakaosema hizi ni kazi za kuwafurahisha wageni, kwa kuwa mbili za kwanza zilitolewa na kampuni za Uingereza. Lakini mchapishaji hageuzi mwenye muziki: Zein, kiongozi wa Zein Musical Party, alikuwa mtoto wa Lamu, na singeli ilikulia kwenye vigodoro vya uswahilini kabla Kampala haijaisikia. Wengine watasema hakuna mwenye muda wa albamu nzima. Hata hivyo, wimbo mmoja wa Zawose ukiokotwa peke yake hugeuka kionjo cha ngoma ya maonyesho. Sikiliza albamu nzima, ndipo zeze na sauti za waimbaji zinapojibizana. Vituo vya redio, hiki kikiwemo, vitenge muda wa saa moja Jumapili jioni kwa albamu nzima, vianze na Zein.