Tuwashirikishe Wagavi Mapema

Ndugu wanakamati wa parokia, na ninyi marafiki mnaotuwezesha,

Tunapenda kuzungumza nanyi juu ya dawa zinazokosekana hospitalini. Mara nyingi tunadhani tatizo ni fedha tu. Lakini hata fedha zikiwepo, tunamtafuta mgavi siku stoo ikishakuwa tupu, nasi tunataka alete kesho.

Tuchukue mfano wa oksitosini, dawa inayomkinga mama asitokwe na damu nyingi baada ya kujifungua. Dawa hii hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Tukiagiza kwa kuangalia bei peke yake, yaweza kufika katika boksi la kawaida baada ya safari ndefu ya juani. Ikipungua nguvu, mkunga hawezi kuona kwa macho. Wagavi wakiulizwa kabla ya zabuni, watatueleza kama wana vyombo vya kutunza ubaridi, mzigo huchukua siku ngapi njiani, na dawa itabakiwa na miezi mingapi kabla ya kuisha muda wake.

Hapa Tanzania tunao mfano. Mwaka 2014 mkoa wa Dodoma ulianza mfumo wa mshitiri uitwao Jazia. Vituo vya umma viliunganisha mahitaji yao, na mgavi mmoja binafsi akapewa mkataba wa mkoa, ili kujazia dawa zinapokosekana Bohari ya Dawa. Mwaka 2018 mfumo huo ulipelekwa nchi nzima. Mgavi wa namna hiyo anawajua wateja wake mapema, naye anaweza kujiandaa.

Basi tunaomba mambo matatu. Kwanza, wanakamati mlio kwenye bodi za hospitali, ulizeni kama makisio ya miezi sita ijayo yamewafikia wagavi. Wagavi wote waitwe kikao kimoja, na muhtasari uandikwe, pasiwepo mashaka ya upendeleo. Pili, ankara zilipwe kwa tarehe iliyokubaliwa, maana mgavi anayetudai muda mrefu hatatukimbilia siku ya dharura. Tatu, ninyi wafadhili, tujulisheni mapema kiasi na tarehe ya msaada, na msitume dawa kabla mfamasia hajasema inahitajika.

Mama anayefika usiku akiwa na uchungu hawezi kusubiri zabuni. Dawa yake inapaswa kuwa imeagizwa miezi kadhaa kabla.