UKWELI HAUOGOPI MASWALI
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Mukumu)



Ndugu wapendwa, akina mama na akina baba, leo hatutaongea juu ya mbolea wala ng'ombe wa gredi. Mama mmoja wa kikundi alitujia akauliza: "Mhubiri amesema niuze ng'ombe nitoe sadaka, ndipo mtoto wangu apone. Nikikataa, si nitakuwa sina imani?"

Hatukumjibu upesi. Tulimweleza habari ya Kanungu.

Kanungu iko Uganda, upande wa kusini-magharibi. Huko Credonia Mwerinde alidai kwamba anatokewa na Bikira Maria. Alishirikiana na Joseph Kibwetere, Mkatoliki aliyeheshimiwa, na padre mmoja, Dominic Kataribabo. Hao walitoka katika Kanisa letu wenyewe, kwa hivyo tusiwanyoshee wengine kidole. Wafuasi waliambiwa dunia itakwisha mwaka wa 1999 ukimalizika. Wakauza mali yao, pesa wakawapa viongozi. Tena walikatazwa kuongea. Walitumia ishara za mikono. Mwaka wa 2000 ukaingia, dunia iko palepale, na inasemekana wengine walianza kudai mali yao. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea kwa moto ndani ya nyumba yao ya sala, watoto wakiwemo. Baadaye miili mingine ilipatikana imezikwa kwa siri.

Na hapa kwetu Kenya, kuanzia mwaka wa 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi. Wengi walikufa kwa njaa, wakiamini kufunga kutawafikisha kwa Yesu.

Je, hao walikuwa wajinga? Hapana. Walimpenda Mungu kama sisi. Hatari ilianza pale walipoona kuuliza ni dhambi.

Hebu tuangalie kikundi chetu. Mweka hazina akisema, "Pesa ziko, msiulize," tutakubali? Hata! Tunataka kitabu kifunguliwe tuhesabu pamoja. Mweka hazina mwaminifu hakasiriki, kwa sababu kitabu kinamtetea. Imani nayo ni hivyo. Mtume Paulo alipohubiri Berea, watu walichunguza Maandiko kila siku waone kama asemayo ni kweli. Matendo ya Mitume inawasifu, haiwakemei.

Basi mtu akija na ujumbe wa Mungu, tujiulize:

1. Anakubali kuulizwa mbele ya watu?
2. Mali inakwenda wapi, na nani anaona hesabu?
3. Anatutenga na jamaa, hospitali au shule?

Yule mama alirudi akamwuliza mhubiri: "Mtoto asipopona, ng'ombe atarudi?" Akafokewa. Basi akatoka, akampeleka mtoto hospitali. Mtoto bado anatibiwa, na tunaendelea kumwombea. Lakini ng'ombe yuko nyumbani, na maziwa mtoto anakunywa kila siku.

La kujadili kikundini: Ni swali gani tunaogopa kuwauliza viongozi wetu, hata sisi wa kanisa? Tuanze na hilo.