MAZUNGUMZO: VIRUSI VYA BAHARINI NA MAJI YANAYOTOKA NJOMBE

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu, wanafunzi na wazee wa Njombe na Makambako. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa faida ya wananchi wa visiwani, kwa kuwa bahari inayozungumzwa ndiyo bahari yao.



Katika mkoa wa Njombe neno "virusi" halihitaji kufafanuliwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011/2012 ulionyesha kuwa Njombe iliongoza nchini kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI, kwa kiwango cha asilimia 14.8 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Utafiti wa mwaka 2022/2023 ulikuta Njombe ingali juu kuliko mikoa mingine, kwa asilimia 12.7 ya watu wazima. Nyumba nyingi zimezika, na nyumba nyingi zimelea mayatima. Kwa hivyo si ajabu mtu akisikia kwamba bahari imejaa virusi, akauliza iwapo dagaa wanaoletwa kutoka pwani ni salama kwa watoto wake. Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jawabu kamili.

Jawabu fupi ni kwamba virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa maji wala kwa samaki. Virusi vya baharini ni jamii nyingine kabisa. Kirusi hakiwezi kuishi wala kuzaa peke yake. Lazima kiingie katika chembe hai ya kiumbe fulani na kukitumia. Aidha, kila kirusi kina wenyeji wake, kama vile ufunguo ulivyo na kufuli yake. Sehemu kubwa kabisa ya virusi vya baharini hufungua kufuli za bakteria na za mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Kufuli ya mwili wa binadamu havina ufunguo wake.

Kwa muda mrefu wataalamu wenyewe walidhani virusi ni vichache baharini. Mwaka 1989 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, nchini Norway, waliyatazama maji ya asili kwa hadubini ya elektroni, wakakuta mahali pengine virusi vinavyofikia milioni 250 katika mililita moja. Hesabu zilizofuata zimeonyesha kuwa maji ya kawaida ya juu ya bahari huwa na virusi kiasi cha milioni 10 kwa mililita, yaani takriban milioni 50 katika kijiko kimoja cha chai. Bakteria katika kijiko hicho hicho ni kiasi cha milioni 5. Muogeleaji akigugumia funda moja la maji ya chumvi, amemeza virusi wengi kuliko idadi ya watu wa Tanzania nzima, na hana la kuhofu kwa sababu ya wingi huo.

Kazi ya virusi hivyo ni nini? Inakisiwa kwamba katika maji ya juu ya bahari virusi huua kati ya asilimia 20 na 40 ya bakteria kila siku. Bakteria anaposhambuliwa hupasuka, na vilivyomo ndani yake, yaani naitrojeni, fosforasi, madini ya chuma na kaboni, humwagika majini. Bakteria wengine hula kilichomwagika, na sehemu ya virutubisho hivyo huirudia mimea midogo ikastawi upya. Mwaka 1999 wataalamu Steven Wilhelm na Curtis Suttle walikisia kuwa kati ya asilimia 6 na 26 ya kaboni inayotengenezwa na mimea ya baharini kwa nguvu za jua hupitia njia hii.

Hapo pana hasara na faida. Hasara ni kwamba chakula kilichomwagika hakiliwi na wadudu wadogo wa majini, ambao ndio chakula cha dagaa. Faida ni kwamba virutubisho havizami vyote kwenda chini kusikofika jua. Virusi ni mfano wa mfanyakazi wa shamba anayefyeka majani na kuyaacha papo hapo yaoze: hakuvuna kitu, lakini ameirudishia ardhi rutuba. Na mimea midogo inayolishwa hivyo si jambo dogo, kwani ndiyo inayotoa karibu nusu ya oksijeni inayotengenezwa duniani kila mwaka.

Virusi pia huzuia aina moja isitawale. Aina ya bakteria inayostawi kupita nyingine ndiyo inayopatwa kwa urahisi na virusi vyake, na inapopungua, nyingine hupata nafasi. Mkulima wa viazi mviringo wa Njombe anaijua nusu ya habari hii. Mbegu ile ile ikipandwa msimu hadi msimu, virusi hujilimbikiza ndani yake, mavuno hupungua, na mkulima husema kuwa mbegu imechoka. Shambani hiyo ni khasara tupu, kwa sababu hakuna zao jingine lililosubiri nafasi. Baharini aina zinazosubiri ni nyingi mno.

Sasa yafaa kueleza kwa nini habari hizi zinahusu watu wa nyanda za juu, wanaoishi mamia ya kilomita kutoka ufukweni. Mto Ruhuji unaopita Njombe huteremka hadi Kilombero, na Kilombero huungana na Luwegu kuwa Rufiji. Upande wa pili, maji ya milima ya Kipengere hushuka katika bonde la Usangu, huingia Ruaha Mkuu, nao pia humiminika katika Rufiji. Rufiji huingia baharini mkabala na kisiwa cha Mafia, kupitia delta yenye mikoko mingi kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki. Kutoka hapo mkondo wa pwani huelekea kaskazini, upande wa Dar es Salaam na Unguja.

Kwa hivyo udongo unaoporomoka katika mteremko uliolimwa bila makinga maji, na mbolea inayooshwa na mvua, vimo safarini kuelekea baharini. Sehemu hutuama njiani, hasa tangu bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa maji Disemba 2022. Kinachofika huwalisha bakteria na mimea midogo ya delta. Nao wakiongezeka, virusi vyao huongezeka. Mizani ya virusi na wenyeji wao ni ya kale, lakini binadamu anaweza kuisukuma upande mmoja bila ya kukusudia.

Haitakuwa uaminifu kueleza wema peke yake. Mwaka 1996 wataalamu Matthew Waldor na John Mekalanos walithibitisha kuwa sumu ya kipindupindu haikuwa mali ya bakteria mwenyewe kwa asili, bali huletwa na kirusi kinachoingia ndani yake na kumrithisha. Bakteria huyo huishi katika maji ya midomo ya mito na ya pwani. Zanzibar inakumbuka mwaka 1978, ugonjwa huo ulipozuka katika kijiji cha wavuvi. Hata hivyo, virusi vingine humla bakteria huyo huyo, na uchunguzi uliofanywa Bangladesh umeonyesha kuwa virusi hivyo huongezeka mlipuko unapokaribia kwisha. Lakini hakuna kijiji kinachoweza kungojea kuokolewa na virusi. Maji yaliyochemshwa, choo na mikono iliyooshwa kwa sabuni ndiyo kinga.

Mfano wa pili ni wa kamba. Mwaka 2011 ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na kirusi, uliyapata mabwawa ya kamba nchini Msumbiji, na mwaka 2012 ukafika Madagaska. Kirusi hicho hakimdhuru mlaji, lakini huweza kuua takriban kamba wote wa bwawa katika muda wa siku chache. Delta ya Rufiji ni makao ya kamba na riziki ya wavuvi wengi. Ni busara kwa mfugaji kutonunua vifaranga vya kamba visivyopimwa, na kwa mvuvi kutotumia kamba wabichi wa kutoka nchi za nje kuwa chambo.

Kwa muhtasari, mambo matatu yafaa kuchukuliwa nyumbani. Kwanza, dagaa wa pwani waliokaushwa na kuhifadhiwa vizuri waliwe bila ya hofu ya neno "virusi". Pili, makinga maji katika shamba la Njombe, na miti iliyoachwa kando ya mto, ni hifadhi ya bahari pia. Tatu, walimu wa skuli wawafundishe watoto kuwa virusi si jina la ugonjwa mmoja. Mtoto aliyefahamu hivyo hatamtenga mwenzake anayeishi na virusi vya UKIMWI kwa kula naye sahani moja, kwa maana atajua kila kirusi kina njia yake, na sahani si njia ya kirusi hicho.

Barabara iendayo Tunduma hupita Makambako, na magari yaliyobeba dagaa hupita humo yakipanda kutoka pwani. Mito ya Njombe nayo hushuka kwenda huko walikotoka dagaa hao. Watu wa bara na watu wa visiwani wanakula katika bahari moja, na wote wana wajibu wa kuitunza.